Wanawake Walioacha Simu Nyumbani

Siku yake ya kwanza kituoni, Karani alipewa kiti, kompyuta, kifaa cha kuvaa masikioni na karatasi yenye maneno ya kumsomea kila atakayepokea simu: "Habari. Napiga kutoka Kituo cha Ufuatiliaji. Tafadhali usishtuke." Wiki haikuisha kabla hajagundua kwamba neno lililowashtua watu kuliko yote ni hilo hilo la usishtuke. Akaliacha.

Alikuwa amefanya kazi ya ukarani shuleni kwa miaka tisa, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mumewe alimwita hivyo. Ugonjwa ulipoingia na shule zikafungwa, kituo kikatangaza kazi ya kupiga simu, naye akawa wa kwanza kwenye foleni. Walikaa watu arobaini ndani ya bwalo la chuo, kila mmoja amezungushiwa mbao nyembamba kama farasi wa mashindano, na kutwa nzima walipiga simu kwa watu waliokuwa karibu na wagonjwa.

Waliwajuaje? Kila mtu mzima alitakiwa kuweka kwenye simu yake programu iliyoandika alikokwenda, alikaa muda gani, na simu za nani zilikuwa jirani yake. Serikali iliiita Ngao. Watu waliiita Mbea, kwa sababu hakuna ulilolifanya asilolipeleka.

"Dada yangu," mwanamume mmoja alimlilia, "andika nilikuwa kazini. Mke wangu ataniua kabla ya huo ugonjwa."

Bibi mmoja alimshukuru dakika kumi nzima, akamwombea uzazi mwema ingawa hakuwa na mimba. Kijana mwingine alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na wewe, nani anakufuatilia?" Wapo waliomtukana matusi ambayo hakuwahi kuyasikia, akayaandika pembeni ili ampelekee mumewe acheke.

Lakini kazi yenyewe hakuifanyia mzaha. Baba yake mzazi alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufa. Kila jioni alicheza drafti na jirani ambaye alikuwa amejijua mgonjwa kwa siku tatu, akanyamaza kwa kuogopa aibu. Baba alikohoa siku tisa. Karani aliamini, na angekula kiapo, kwamba simu moja tu ingemwokoa.

Mumewe hakuliona hivyo. Alikuwa fundi viatu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao.

"Mimi si ng'ombe wa kupigwa chapa," alisema, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu mwezi wa pili, imelala chini ya vipande vya ngozi.

"Ukiugua je?"

"Nikiugua nitakuambia. Si nalala na wewe?"

Waligombana juu ya jambo hilo mpaka mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu afiwe na mumewe, akaingilia kati. "Niwekee mimi basi," alisema, akimnyooshea Karani simu yake. "Mkwe wangu hawezi kuniwekea kitu kibaya."

Karani alifurahi mno. Aliiweka Ngao kwenye simu ya Mama, kisha akashona kifuko cha kitambaa chenye uzi wa kuning'iniza shingoni. "Usiiache, Mama. Hata ukienda uani tu, nenda nayo."

Na Mama hakuiacha. Jumanne na Alhamisi asubuhi, alipotoka "kunyoosha miguu", kifuko kilikuwa kifuani pake. Matembezi ya saa mbili yaliruhusiwa. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Wiki ya kumi, Jumatano, saa nne kasoro kidogo asubuhi, orodha mpya ilifunguka kwenye kompyuta ya Karani. Mgonjwa: mwanamume, miaka sabini na moja, nyumba iliyo nyuma ya ghala la saruji, sasa yuko hospitali kwenye mashine ya hewa. Waliokuwa karibu naye: mtu mmoja. Namba ya simu.

Namba hiyo Karani aliijua kwa moyo.

Akaisoma upya, tarakimu moja moja, kama mtu anayetafuta kosa. Hapakuwa na kosa. Mwanamke, miaka sitini na tatu. Jumanne na Alhamisi, wiki sita mfululizo, dakika mia na kumi kila mara. Ndani ya nyumba.

Wazo la kwanza lililomjia lilimfanya aone haya peke yake pale kitini: Mama ana mwanamume.

Wazo la pili lilihusu kazi yake. Kanuni zilikuwa wazi. Ukikutana na namba ya ndugu yako, unainua mkono, msimamizi anaichukua, wewe huruhusiwi kumgusia ndugu lolote. Namba ikishapigwa, gari linafika ndani ya saa moja. Wakati huo huo kila simu ya mtaa inapata ujumbe kwamba jirani yupo mtu aliyekuwa na mgonjwa. Haukutaja jina. Haukuhitaji kutaja, gari lilitosha.

Karani aliutazama mkono wake juu ya meza. Haukuinuka. Badala yake kidole kilibonyeza neno alilolitumia mara ishirini kwa siku: *hapatikani*. Namba ya mtu asiyepatikana ilirudi baada ya saa mbili na kupewa mpigaji mwingine yeyote.

Alimwendea msimamizi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa gundi kwenye mkono mmoja. "Tumbo linanisokota," alisema.

"Nenda nyumbani, pumzika," msimamizi alimwambia. "Umekuwa mweupe kama chaki."

Alipofika nyumbani alikuwa na saa moja na nusu. Mumewe alikuwa amekwenda kununua ngozi. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, akichambua maharage. Karani alisimama mbali, hatua nne au tano, barakoa yake usoni.

"Mama, unaumwa popote?"

"Mbona unaniuliza kama daktari? Sina kitu."

"Nyuma ya ghala la saruji anakaa nani?"

Mkono wa Mama ulisimama juu ya ungo. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza idadi ya wagonjwa.

"Kwa hiyo ndiyo kazi ya hiki," Mama alisema hatimaye, akikivua kifuko shingoni na kukiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuuma. "Umenifunga kengele kama mbuzi."

"Mama, sikuwa najua—"

"Ulikuwa unajua inafanya nini. Mimi ndiye sikujua. Unafikiri nilikuwa nafanya nini kule? Sema. Naliona usoni pako."

Karani alitazama chini.

"Najifunza kusoma," Mama alisema.

Karani hakuelewa. Mama alikuwa akisoma gazeti kila siku. Alilifungua, akalikunja, akaguna, akasema wanasiasa hawa hawana haya. Ndipo Karani alipokumbuka jinsi Mama alivyokuwa akimpa yeye maandishi madogo, maelekezo ya dawa, barua za ukoo. *Nisomee, mwanangu, macho yangu yana ukungu.* Miaka saba.

"Hata mwanao hajui?"

"Hata marehemu hakujua. Niliolewa naye nikiwa nimeshika kitabu." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Yule ni mwalimu mstaafu. Anatufundisha bure. Tuko wanawake sita. Vikao vya ndani vimepigwa marufuku, tunajua, kwa hiyo tuliapiana: hakuna kumtaja mwenzako hata ukiwekewa kisu shingoni. Mimi nikisoma vizuri ningewaambia mwenyewe, kwa siku niliyoichagua mimi."

"Sita?" Karani alisema. "Orodha ina mtu mmoja tu. Wewe."

"Kwa sababu wenzangu si wajinga. Simu wanaziacha nyumbani. Ya mwenzetu mpishi inaatamiwa na kuku, serikali inajua mwanamke yule hatoki bandani." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Mimi niliambiwa na mkwe wangu nisiiache."

Karani akachuchumaa pale pale. Wanawake watano. Kompyuta ya kituo haikujua kama wapo. Walikuwa majikoni mwao saa ile, wakipika, wakibeba wajukuu.

"Mama, Mwalimu yuko hospitali. Yuko kwenye mashine ya hewa."

Uso wa Mama ulianguka. "Jana tulikuta mlango umefungwa. Tukasema labda amepumzika. Alhamisi alikuwa akikohoa. Akasema ni vumbi la saruji."

"Nipe majina ya wenzako."

"Uende ukayaandike?"

"Sitayaandika. Nitakwenda mwenyewe kuwaambia, basi."

"Niapie."

"Naapa, Mama. Hayataingia kwenye kompyuta kwa mkono wangu."

"Na langu? Utalitoa?"

Hilo ndilo swali Karani alilokuwa akiliogopa tangu bwaloni. "Siwezi. Saa sita kamili mtu mwingine ataipiga namba yako. Watakuja kukuchukua siku kumi na nne."

Mama alimtazama kwa muda, si kwa hasira tena bali kama mtu anayepima kitambaa ambacho tayari kimekatwa vibaya. Kisha akaanza kutaja nyumba, si majina: ya mpishi wa shule yenye mlango wa buluu, ya muuza mkaa, ya mkunga aliyestaafu, ya yule mwenye mapacha karibu na kisima, na ya mshonaji, chumba cha mwisho kwenye nyumba ndefu.

Karani alikwenda karibu kukimbia, barakoa mbili usoni. Alijua kwamba kwa kuishi na Mama huenda na yeye ana ugonjwa, kwa hiyo kila alipofika alisimama katikati ya njia na kuita.

Mpishi alitoka na mumewe nyuma yake. "Mwalimu gani?" alisema kwa sauti kubwa. "Mimi sina mwalimu. Umepotea nyumba, mwanangu." Lakini macho yake yalikuwa yamemtoka.

"Samahani, mama," Karani akasema. "Basi kama ukimwona mtu anayemfahamu, mwambie ni mgonjwa sana. Mwambie akae chumba chake, asishike watoto, na akipata homa asisubiri."

"Nitamwambia," mpishi alijibu polepole. "Nikimwona."

Muuza mkaa alimkemea kwamba ametumwa na Mbea, akafunga dirisha kwa kishindo. Mkunga hakukataa wala hakukubali. Aliuliza siku ya mwisho ilikuwa ipi, akahesabu kwa vidole, akaingia ndani na kuwaambia wajukuu wahamie kwa shangazi yao. Mwenye mapacha alianza kulia kabla Karani hajamaliza, na Karani hakuweza kumkaribia hata kumshika bega.

Saa sita kasoro robo alifika nyumba ndefu. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi nusu. Aliita, hakujibiwa. Binti wa mshonaji, mwanamke mzima mwenye unga mikononi, alitokea kwenye mlango wa jirani.

"Mama amelala. Ana mafua tangu juzi. Nimempa dawa."

"Anapumuaje?"

"Anapumua tu. Haraka haraka hivi."

Karani alisogea mpaka kwenye kizingiti. Chumba kilikuwa giza na kilinuka mafuta ya cherehani. Mshonaji alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka kukimbia, midomo ikiwa na rangi ya majivu. Alimwona Karani, akamtambua. Bila shaka Mama alikuwa amemsimulia. Alitikisa kichwa. Hakuwa na pumzi ya kusema, lakini kichwa kilisema vya kutosha. *Usipige.*

Pale nje Karani alisimama na simu yake mkononi. Namba ya dharura ya hospitali iliunganishwa na kituo. Kupiga kulikuwa kumwandika: jina, nyumba, mtaa, alikutana na nani. Alikuwa ameapa, na saa mbili hazijapita. Aliwaza kumwita bodaboda ampeleke kimya kimya, akaona ni ujinga. Nani angembeba mtu wa namna ile? Aliwaza kumwambia binti apige yeye, ili kiapo kibaki kizima. Akajionea aibu.

Akapiga.

"Jina la mgonjwa?" iliuliza sauti upande wa pili. Ilikuwa ya mwenzake wa kituoni. Walikuwa wakigawana karanga.

Karani akamuuliza binti, kisha akalitaja.

Gari la hospitali lilipokuwa likimchukua mshonaji, lingine lilikuwa limeshafika nyumbani kwake Karani. Alirudi akakuta Mama amesimama mlangoni na kifurushi cha nguo, watu wawili waliovaa nguo za plastiki kutoka kichwani hadi miguuni wakimsubiri. Mumewe alikuwa barabarani na furushi la ngozi begani, amezuiwa asiingie.

"Mnampeleka wapi mama yangu? Amekosa nini?"

Ndipo ujumbe ulipofika. Karani alikuwa ameusoma mara nyingi kwenye kioo cha kompyuta, lakini hakuwahi kuusikia. Simu ililia nyumba ya kwanza, ikajibiwa na ya pili, ya tatu, mpaka mtaa mzima ukawa unalia kutoka pembe hadi pembe. Mapazia yakasogezwa. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alizianua zikiwa bado zinachuruzika.

Mama alitazama huku na huku. Aliiweka sawa kanga yake kichwani, kama anayekwenda harusini, akapanda gari. Alipompita Karani aliuliza neno moja tu, "Wote?"

"Wote," Karani akajibu. "Mshonaji yuko hospitali. Mama... nimempigia simu mimi."

Mlango ukafungwa.

Karani na mumewe walifungiwa ndani, bango jekundu likabandikwa mlangoni. Alimsimulia yote mchana ule, kutoka orodha hadi kiapo. Alitegemea apayuke, aseme nilikuambia. Fundi viatu aligeuzageuza kiatu kisicho na soli.

"Hajui kusoma?" ndilo alilouliza. "Barua zangu zote kutoka chuo cha ufundi, alikuwa akisomewa na nani?" Baada ya hapo hakufanya kazi siku mbili, na si kwa sababu wateja walikuwa wamekata mguu.

Siku ya tatu msimamizi alipiga simu.

"Uliandika hapatikani wakati hujapiga," alisema.

"Ndiyo."

"Na binti wa mshonaji anasema ulikwenda nyumba hadi nyumba. Wako wengine. Nipe majina, Karani, nami nitaangalia jinsi ya kukusaidia."

"Niliwaambia wakae ndani. Wanakaa."

"Umejuaje? Kila saa wanayotembea bila sisi kujua kuna mtu anaambukizwa. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote humu. Uliniambia habari za baba yako."

Karani alifumba macho. Hapo alishikwa pabaya, kwa sababu yule mtu alikuwa akisema kweli. Hakuwa na uhakika na muuza mkaa. Usiku wa jana alikuwa amemwota akiuza, mkono kwa mkono, makaa yakiwaka.

"Nikikupa majina," alisema, "safari ijayo hakuna atakayenifungulia hata dirisha. Wala kukufungulia wewe. Watazidi kuziacha simu nyumbani."

"Hilo ni jibu lako?"

"Ndilo."

Msimamizi alishusha pumzi. Alimwambia asirudi kazini, kifaa cha masikioni atakirudisha baada ya karantini, akamtakia Mama afya njema kwa sauti iliyoonyesha kwamba hatanii.

Zilizofuata ni siku za kusikiliza. Karani alisikiliza kifua cha mumewe kikipanda na kushuka kitandani, alisikiliza koo lake mwenyewe, alisikiliza hatua za wapita njia zinavyohama upande wa pili wa barabara zikifika mlangoni pao. Mama alipiga simu mara moja kwa siku, akaongea na mwanawe. Hakumuulizia mkwe wake. Siku ya sita habari ilikuja kwamba Mwalimu amefariki. Siku ya tisa mkunga alituma ujumbe kupitia kwa mtu wa maji: mwenye mapacha alipata homa, akajifungia, imeshuka. Mpishi mzima. Muuza mkaa naye mzima, na bado ana matusi.

Mshonaji alikaa hospitali wiki tatu, akatoka akiwa amekonda. Madaktari walimrudisha kwenye uhai, ila mtaa haukumrudisha. Wateja walichukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, na mwenye nyumba akamwambia atafute kwingine. Alihamia kwa mdogo wake, mbali. Karani alimpigia kumpa pole. Simu ilipokelewa, akasikia mtu akipumua, vizuri, bila shida, kisha ikakatwa.

Mama alirudi siku ya kumi na tano bila hata kikohozi. Mwanawe alimpokea kwa machozi, naye akamkemea aache kulia kama mtoto. Kwa Karani alisema, "Umeshinda salama, mkwe?" kama mgeni anavyomwambia mwenyeji. Wakaishi hivyo, kwa adabu, jambo lililomuuma Karani kuliko makelele. Siku chache baadaye, wakimenya viazi, Karani alishindwa kuvumilia.

"Mama, niliapa halafu nikavunja. Sema chochote."

Mama alimaliza kiazi alichokishika. "Angekufa," alisema. "Nimelifikiria siku zote zile nikiwa kwenye kile chumba. Angekufa, na siri yake tungeizika naye. Ulifanya sawa." Akachukua kiazi kingine. "Lakini mimi uliponivalisha kile kifuko hukuniuliza kama naelewa. Ulidhani nimekubali. Nilikubali wewe, si kile."

Karani akasema, "Ni kweli."

Shule zilifunguliwa baada ya miezi minne, naye akarudi kwenye ukarani wake. Asubuhi ya Jumanne moja ya likizo alikuwa akiosha vyombo, akamwona Mama anatoka chumbani amevaa viatu vipya alivyoshonewa na mwanawe, na daftari amelibana kwapani, halijafichwa wala halijaonyeshwa. Mkunga alikuwa akimsubiri nje, pamoja na mwanamke mwingine ambaye Karani hakumtambua kwa sababu alikuwa amegeuka.

Mwalimu hayupo. Basi nani anawafundisha, na wapi? Ndani au nje? Wako wangapi, na madirisha wanayafungua? Maswali yalimjaa kinywani, maana redio bado ilikuwa ikitaja wagonjwa wawili watatu kila asubuhi.

"Mama," aliita.

Mama aligeuka, akasubiri.

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mwanangu," alisema Mama, akatoka.

Karani alibaki ameshika sahani yenye povu, akiwasikiliza wakienda, mpaka asiweze tena kujua wamekata kona ipi.